Jinsi Nilivyojifunza Gitaa la Besi

Watu wengi wa huku kwetu wameniuliza sababu gani mtu mzima kama mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mvi za kutosha, kushika gitaa la besi na kukaa nalo jioni kama kijana asiye na kazi. Wengine waliniuliza kwa wema, wengine kwa kucheka. Nami naliwajibu kwa ufupi, maana habari yenyewe ina aibu yangu ndani yake, na aibu haisemwi njiani watu wakipita. Sasa naiandika yote, hasa kwa kuwa nimesikia kwamba kwaya mbili za jirani zinachanga fedha za kununua chombo kama kile chetu, na sitaki mwenzangu aende dukani na upofu niliokwenda nao mimi.

Kijiji chetu kiko katika wilaya ya Butiama, si mbali sana na Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Kanisa letu ni la matofali ya kuchoma na bati, nayo kwaya ina waimbaji 22. Zamani tuliimba kwa midomo na ngoma tu; kisha yakaja magitaa mawili, na dramu, na kinanda cha umeme. Mpiga besi wetu alikuwa kijana hodari, na amplifaya aliyoitumia ilikuwa mali yake mwenyewe. Mwaka 2021 alikwenda Geita kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu, akachukua amplifaya yake, kama ilivyokuwa haki yake. Gitaa likabaki, maana lilikuwa la kanisa, nalo likatundikwa ukutani katika chumba cha nyuma, vumbi likaliangukia.

Jumapili ya kwanza baada ya kuondoka kwake tuliimba kama kawaida, wala hapana aliyekosea neno. Walakini kila mtu aliona kwamba kuna kitu kimetoka. Sauti zilikuwa juu, zikielea, kama nyumba iliyoezekwa vizuri lakini nguzo ya katikati imeng'olewa. Mzee mmoja asiyejua lolote juu ya magitaa aliniambia mlangoni, “Mwalimu, leo mmeimba kama watu wenye njaa.”

Watu wa Mara hawahitaji kufundishwa thamani ya sauti nzito. Wakurya wanacho kinubi chao kiitwacho litungu, chenye nyuzi nane, na sauti yake huvuma chini hata mtu huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Na huko Rorya, upande wa Shirati, ndiko alikozaliwa mwaka 1940 Daniel Owino Misiani, aliyevuka mpaka akafanya kazi ya muziki nchini Kenya pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz, hata alipofariki mwaka 2006. Katika benga yake besi haikai nyuma kama mtumishi aliyeitwa kubeba mzigo. Yakimbia, yauliza, yajibiwa na gitaa. Sisemi hayo kuwavuta watu wa kanisa waende dansini. Nasema tu kwamba masikio yetu yalizoezwa zamani, na kwa hiyo tulipokosa besi tulijua mara moja.

Basi wazee walikutana. Wakashauriana, wakasema kwamba gitaa lipo, kinachotakiwa ni amplifaya na mtu wa kupiga. Juu ya mtu wa kupiga wakanitazama mimi, kwa kuwa nasoma noti za do-re-mi na ndimi niliyekuwa nikiwafundisha waimbaji sauti zao. Mzee wa kanisa akasema, “Asomaye noti hawezi kushindwa na nyuzi nne.” Laiti angalijua! Nami kwa kiburi nikakubali. Nalikuwa na umri wa miaka 46, wala sijapata kubonyeza uzi hata mmoja.

Fedha zilichangwa kwa muda wa miezi mitano. Akina mama waliuza mahindi na karanga, vijana walifyatua matofali, na mama mzee mmoja, mjane, alileta jogoo wake, akauzwa kwa shilingi 18,000. Jumla zikapatikana shilingi 640,000. Nikakabidhiwa mkononi katika bahasha mbele ya watu wote, nikatia sahihi katika daftari la mhazini.

Nalikwenda Bunda kwanza, kwa kuwa naliwahi kufundisha karibu na mji ule, na maduka ya barabara kuu iendayo Mwanza nayajua. Huko nalionyeshwa kisanduku kidogo cha wati 20, kizuri machoni, kimeandikwa kwamba ni cha gitaa. Nikauliza kama kitafaa kwa besi. Muuzaji akasema, “Amplifaya ni amplifaya, Mwalimu.” Sikununua, lakini sikukataa kwa akili, ila kwa kuwa nalikiona kidogo, nami nalitaka kitu ambacho watu wangekitazama na kusema fedha zao zimeonekana.

Sababu ya kweli naliijua baadaye, nami naieleza hapa. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde moja, na ule mwembamba mara 98. Sikio la mwanadamu husikia kwa shida sauti za chini namna hiyo, basi ili zisikike sawa na nyingine ni lazima spika isukume hewa nyingi, iende mbele na nyuma kwa mwendo mrefu. Spika ndogo ya gitaa la kawaida haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ukiipa besi kwa nguvu, karatasi yake huchanika au waya wake wa ndani huungua. Kinyume chake si hatari: gitaa la kawaida laweza kupigwa katika amplifaya ya besi, lisidhuru kitu. Tena wati zina hila. Mtu hudhani kwamba wati 100 zitatoa sauti mara kumi ya wati 10. Sivyo, masikio yetu huona kama imeongezeka mara mbili tu. Ndiyo maana mpiga gitaa aweza kutosheka na wati 30 kanisani, na mpiga besi aliye kando yake, mbele ya dramu, akazitaka 100 na zaidi.

Jumamosi nyingine nikaenda Musoma. Katika duka moja linalouza vitu vilivyotumika, vilivyoletwa kutoka ng'ambo, naliona sanduku kubwa jeusi, limefunikwa ngozi ya bandia, lina spika moja ya inchi 15 na wati 100, nalo liliandikwa neno besi kwa Kiingereza. Moyo wangu ukaruka. Nikataka kulijaribu, nikaambiwa umeme umekatika tangu asubuhi, utarudi jioni. Mtu mwenye busara angeketi akangoja, au angekwenda ziwani Mwigobero kula samaki hata jioni ifike. Mimi naliogopa kukosa gari la kurudi, tena naliogopa mtu mwingine asije akalinunua. Nikalipa shilingi 520,000. Nikalipakia garini hata Makutano, na kutoka Makutano nikalifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira, nikaenda nyuma yake kwa pikipiki nyingine, nikilitazama kama mtu apelekaye mgonjwa.

Nyuma ya sanduku lile, karibu na mahali pa waya wa umeme, paliandikwa kwa herufi ndogo: volti 120. Umeme wa nchi yetu ni volti 230. Mimi ni mwalimu wa kusoma. Kila siku nawaambia watoto, “Soma swali lote kabla ya kujibu.” Wala sikusoma.

Nalifika jioni. Kanisani alikuwapo mlinzi peke yake. Nikachomeka waya, nikawasha. Taa nyekundu ikang'aa sana, sanduku likavuma kwa sauti nene, nami nikafurahi kwa muda wa kuhesabu tano hivi. Kisha ikaja harufu kama ya mpira uunguao, na moshi mwembamba ukapanda kutoka nyuma. Nikachomoa. Tukasimama, mimi na mlinzi, tukitazamana gizani. Nikamwambia, “Usimwambie mtu.”

Neno hilo ndilo aibu niliyoitaja mwanzo. Kuunguza chombo ni bahati mbaya pamoja na uzembe. Lakini kumtia mtu maskini katika uongo wangu ni jambo jingine. Jumapili ile nalisema sanduku limefika ila lahitaji waya. Jumapili ya pili nalisema waya umepatikana ila haukufaa. Mama yule wa jogoo alilipapasa sanduku kwa mkono, akasema ni zuri. Usiku ule sikulala.

Siku ya Jumatano nikawaendea wazee, nikawaeleza yote, na kwamba mlinzi hana kosa. Nikawarudishia shilingi 120,000 zilizosalia, nikasema nitalipa nyingine kutoka mshahara wangu. Wazee walinyamaza kitambo kirefu. Wakataka kwaya iambiwe, nayo ikaambiwa Jumamosi, nikiwa nimesimama mbele yao. Hapana aliyenitukana. Mama yule tu aliuliza, bila ukali, “Mwalimu, maandishi hayo yalikuwa ya lugha gani?” Nikajibu, “Ni tarakimu, Mama.” Akasema, “Aa, tarakimu,” akaketi. Nalitamani angenipiga.

Nikakipeleka chombo Musoma kwa fundi wa redio. Alipokifungua alinionyesha mambo mawili. La kwanza, transfoma imeungua. Maana volti zikikaribia mara mbili, nguvu iingiayo hukaribia mara nne, na waya mwembamba hauvumilii. La pili lilikuwa fyuzi. Fyuzi ni kizingiti kidogo chenye waya mwembamba, nacho huwekwa makusudi kikatike kwanza ili chombo kipone. Katika sanduku letu fyuzi ilikuwa imeondolewa zamani na mtu asiyejulikana, na mahali pake pamewekwa kipande cha waya mnene. Ingalikuwapo fyuzi ya haki, pengine ningalipoteza fyuzi tu. Spika haikudhurika. Fundi akasema ataisuka transfoma upya kwa volti 230 na kubadili vidude vingine vilivyokufa. Akataka shilingi 210,000 na majuma matatu. Nikalipa kwa miezi mitatu, na nyumbani kwangu tulikunywa uji usio na sukari siku nyingi. Mke wangu hakusema neno, wala mimi sikuuliza anafikiri nini.

Nilipokwenda kukichukua, fundi alinikabidhi, akasema hawezi kuniruhusu nikiondoe kabla hakijapigwa na mtu ajuaye. Akamwita kijana wa pikipiki aliyekuwa akingoja abiria nje. Kijana akaingia, akaniona, akainamisha kichwa. “Shikamoo, Mwalimu.” Nikamwitikia, lakini sikumtambua. Akachukua besi ya fundi, akaunga waya, akapiga. Sanduku lile likaamka. Vikombe vya chai vilitikisika mezani, na watu wawili waliokuwa wakipita njiani wakasimama mlangoni.

Alipomaliza aliweka gitaa chini, na huku akiongea na fundi, vidole vyake viwili vya mkono wa kuume viligonga meza, tu-tu, tu-tu, bila yeye kujua. Hapo nikamtambua.

Mwaka 2008 nalimfundisha darasa la sita katika shule moja karibu na Bunda. Alikuwa mtoto wa nyuma, mdogo wa umbo, asiyeweza kutuliza vidole. Alikuwa akigonga dawati wakati wa hesabu, kutwa kucha. Nalimwonya, nikamsimamisha, na siku moja nikamchapa viboko vitatu kwenye vidole vile vile, nikasema mbele ya darasa zima kwamba vidole hivyo havitamlisha. Naam, maneno hayo ni yangu.

Nalimwuliza kama anakumbuka. Akasema, “Nakumbuka, Mwalimu.” Nikanyamaza. Kisha nikasema kwamba nalikosea, na kwamba namwomba radhi. Hakujibu upesi. Aliinua besi, akaipangusa kwa kitambaa, akasema, “Yamepita, Mwalimu. Lakini ikiwa wataka kujifunza, sasa ni zamu yako.” Fundi akacheka sana, nami nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Tangu siku ile, kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, kila Jumamosi isipokuwa siku za mtihani na za mvua kubwa nalikwenda Musoma, au yeye akaja kwetu akiwa na abiria wa upande huo. Hakutaka fedha ila ya petroli. Kanisani kwao ndiye mpiga besi, nako alijifunza kwa kutazama mikono ya wengine na kwa kusikiliza kanda za kwaya kubwa, kama ile ya AIC Makongoro ya Mwanza, akirudia mahali pamoja hata usiku wa manane.

Somo la kwanza lilinishangaza: hakuniruhusu kupiga wimbo wowote. Alitaka nipige uzi mmoja, bila kubonyeza, kwa vidole viwili kwa zamu, cha shahada na cha kati, kimoja kikipumzika mwenzake akifanya kazi, kama miguu ya mtu aendaye. Juma zima! Simu yangu ilikuwa na programu ya kugonga mapigo kama saa, naye akaiweka igonge mara 60 kwa dakika. Nalidhani ni mchezo wa watoto. Baada ya dakika mbili nalikuwa nimekwisha kuipita saa. Nikarudi, nikaipita tena. Mtu aliyefundisha miaka 21 kuwaambia wengine wasiharakishe!

Somo la mkono wa kushoto lilikuwa la maumivu. Shingo ya besi imelazwa vyuma vyembamba vya kukata sauti, na mwanafunzi hudhani anapaswa kubonyeza juu ya chuma, au katikati ya vyuma viwili. Ukibonyeza juu ya chuma, sauti hufa. Ukibonyeza katikati, yataka nguvu nyingi, nayo hukoroma. Mahali pake ni nyuma kidogo ya chuma, karibu nacho, na kidole gumba kikikaa nyuma ya shingo bila kukaba. Nyuzi za besi ni nene na ndefu. Kutoka kizingiti cha juu hata daraja ni kama sentimita 86, basi mtu wa vidole vifupi kama mimi hana budi kusogeza mkono wote wala asinyooshe vidole hata viume. Ngozi yangu ilifanya malengelenge, yakapasuka, ikawa ngumu. Sasa naweza kushika sufuria ya moto kwa ncha za vidole, na mke wangu amekubali kwamba hiyo ndiyo faida ya kwanza.

Huyo Mmarekani aitwaye Leo Fender, aliyeuza besi yake ya umeme kule California tangu mwaka 1951, aliiita kwa jina la maana ya usahihi, kwa sababu ya vyuma vile. Kabla yake wapigaji wengi walitumia zeze kubwa la kusimama, refu kupita mtu, lisilo na vyuma, nao walitafuta sauti kwa kukisia. Wako waliotangulia kutengeneza besi ndogo ya umeme, lakini ya Fender ndiyo iliyoenea. Nalimweleza mwalimu wangu habari hizo nikidhani zitampendeza. Akasema, “Vizuri. Sasa rudia uzi wa tatu.”

Yako mambo ambayo mtu wa noti huyapata upesi. Nyimbo zetu nyingi husimama juu ya do, fa na so. Mpiga besi akijua mahali pa hizo tatu katika kila ufunguo, aweza kusindikiza ibada nzima bila kuaibika. Hapo nalisonga mbele haraka, hata nikaanza kuongeza mapambo, nikipanda na kushuka katikati ya mistari. Mwalimu wangu alinisikiliza siku moja, akanizimia amplifaya. Akasema, “Mwalimu, wazikimbilia noti. Noti hazitakukimbia. Msikilize mguu wa mpiga dramu.” Maana yake, dramu kubwa ipigwayo kwa mguu na besi ni lazima zianguke pamoja, kama watu wawili watwangao kinu kimoja. Akaniagiza nikae na mpiga dramu wetu peke yetu, bila gitaa wala waimbaji, tupige wimbo mmoja kwa nusu saa, mimi nikipiga do tu panapostahili do. Mpiga dramu wetu ana miaka 17, naye ni mwanafunzi wangu wa zamani vile vile. Alifurahi kunisimamisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jambo jingine ambalo hapana kitabu kilichonionya ni kunyamazisha. Nusu ya kazi ya besi ni kuzuia nyuzi zisizopigwa zisivume. Ukisahau, sauti ya chini hujaa kanisa kama maji ya matope, maneno ya wimbo yasisikike, na watu humlaumu mtu wa vipaza sauti bure.

Narudi kwenye habari ya kununua, kwa ajili ya hao wanaochanga. Mwende na gitaa lenu wenyewe na mtu ajuaye, hata kama mtamlipa nauli. Msomeni nyuma ya chombo kwanza kabla ya kutazama mbele. Kikiandikwa volti 100 au 110 au 120, kimetengenezwa kwa Japani au Marekani. Chaweza kutumika kwa transfoma ya kupunguza umeme, lakini transfoma yenyewe ni gharama, tena yaweza kusahauliwa siku moja na mtu mmoja, ikawa kama kwetu. Ombeni kuona fyuzi. Pigeni uzi mnene kwa nguvu kwa muda wa dakika kumi, kisha mmoja wenu aende nje barabarani asikilize, maana sauti ya besi karibu na sanduku hudanganya.  Nuseni. Chombo kilichoungua zamani kina harufu isiyokwisha. Umeme ukiwa umekatika, ngojeni.

Kama amplifaya na spika ni masanduku mbalimbali, tazameni tarakimu za omu. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4 kwa amplifaya, na ikiwa amplifaya haikubali kushuka chini ya 8, itachoka na kufa. Fundi alinichorea hayo katika karatasi ya sigara, na karatasi hiyo naiweka katika Biblia yangu, ingawa mimi sivuti.

Hapa nataka kusema kwa nguvu. Waya wa umeme wenye miguu mitatu una mguu mmoja wa kupeleka umeme mbaya ardhini. Amplifaya ikivuma, wako vijana huukata mguu huo, au huung'oa waya wake, na kweli mara nyingine mvumo hukoma. Wasifanye hivyo kamwe! Chombo kikiharibika ndani, umeme utapita katika nyuzi za gitaa, na mpigaji mwenye mkono juu ya nyuzi na midomo kwenye maikrofoni aweza kufa pale pale mbele ya watu. Mvumo utafutiwe dawa nyingine: waya bora, ardhi nzuri, au vyombo vyote vichomekwe mahali pamoja. Na mwenye jenereta aiwashe kwanza, aingoje itulie, ndipo awashe amplifaya. Na jioni aizime amplifaya kwanza.

Tena si lazima kuanza na kikubwa. Mwalimu wangu alijifunza miaka miwili kwa visikilizi vya masikioni na kidude kidogo cha betri. Kwaya yenye kipaza sauti kizuri yaweza kuipitisha besi humo kwa kisanduku kidogo cha kuunganisha, ikingoja fedha za sanduku lake, mradi spika zake ziwe kubwa na mtu asipandishe sauti kupita kiasi. Ningaliyajua hayo, kwaya yetu ingalipata besi mwezi ule ule. Sikuyajua, kwa sababu nalitaka sanduku kubwa.

Nalipiga mbele ya kanisa mara ya kwanza siku ya Pasaka mwaka 2023. Nyimbo nne. Katika wimbo wa pili nalipotea kabisa, nikaenda so waimbaji walipokwenda fa, nikafanya kama alivyonifundisha: sikutafuta, nikanyamaza vipigo vinne, nikasikiliza mguu wa dramu, nikaingia tena penye do. Baada ya ibada watu walinishika mikono. Hapana aliyesema juu ya kosa langu, ila mpiga dramu alinitazama akainua nyusi. Mama yule wa jogoo alikuwa ameketi karibu na sanduku muda wote, ameweka kiganja chake juu yake. Nikamwuliza kama sauti haikumsumbua. Akasema, “Masikio yangu yamezeeka, Mwalimu. Mwaka huu nimesikia kwa mkono.”

Mwalimu wangu hakuwapo siku ile. Alikuwa akipiga kwao Musoma. Jumamosi iliyofuata nalimweleza yote pamoja na lile kosa. Akauliza kama nalinyamaza vipigo vinne au vitatu. Nikasema vinne. Akasema vizuri, tukaanza somo jipya.

Shuleni bado nafundisha hesabu. Juma lililopita mtoto mmoja wa nyuma alianza kugonga dawati kwa vidole. Darasa likanitazama, maana wanajua desturi yangu ya zamani kwa kusimuliwa na kaka zao. Nikaacha chaki, nikasikiliza. Alikuwa anaharakisha. Nikamwambia arudie polepole, kisha tukaendelea na sehemu.